Gari inachemsha au kulanti inapungua kila wiki: anza kutafuta hapa

Kuna kitu kimoja wenye magari wengi hapa Dar tunakosea. Tunaichukulia kulanti kama petroli, yaani ni kitu cha kuisha, kwa iyo kila Jumamosi mtu anafungua boneti, anaongeza, anafunga, anaendelea na maisha yake. Kulanti haichomwi jamani. Inazunguka tu humo ndani, inabeba joto la injini inalipeleka kwenye rejeta inarudi tena, mzigo ule ule mwaka mzima. Ikipungua ujue kuna mahali imepita, na swali sio niongeze kiasi gani, swali ni imepita wapi. Kidogo kabisa inaweza kupotea kwa mvuke kule kwenye rizeva, hiyo usihangaike nayo, ila kama unaongeza mara mbili kwa mwezi basi inavuja, uione usiione.

Mi nimejifunza kwa hasara. IST yangu ilikuwa inakunywa karibu nusu lita kila wiki na mi natembea na dumu la maji kwenye buti kama muuza maji wa mtaani, miezi minne nzima, mpaka siku natoka mjini napandisha kutoka Ubungo kwenda Kimara taa nyekundu ikawaka nikasema aah nimebakiza kidogo nifike nyumbani. Hiyo "nimebakiza kidogo" ndo iliyopindisha silinda hedi, kile kipande cha juu cha injini. Na tatizo la mwanzo lilikuwa wota pampu tu, ile pampu inayozungusha kulanti, inatoa tone tone, kitu ambacho ningekishughulikia mwezi wa kwanza nisingekopa hela ya mtu.

Kwanza angalia iko kiasi gani, na iwe asubuhi

Angalia gari ikiwa imelala usiku kucha, kabla hujaiwasha. Kulanti ikipata moto inatanuka na kiwango kinapanda, kwa iyo ukipima mchana umetoka kazini utadanganyika. Rizeva ni lile tanki la plastiki lenye mistari miwili, LOW na FULL au MIN na MAX, kulanti ikae katikati ya hiyo mistari. Plastiki ikishachakaa inakuwa ya njano huoni kitu ndani, mulika na tochi ya simu kwa nyuma utaona.

Sasa usiishie hapo, na hapa ndo wengi wanaponaswa. Rizeva inaweza kuwa imejaa vizuri kabisa na rejeta yenyewe iko nusu. Fungua mfuniko wa rejeta, injini ikiwa BARIDI, narudia baridi, uone kama kulanti imefika mpaka shingoni. Kama rizeva imejaa na rejeta ina upungufu, basi mfuniko hauvuti. Ule mfuniko una kazi mbili: injini ikipata moto unaachia kulanti iliyozidi iende rizeva, injini ikipoa inairudisha ndani kwa kuivuta. Kile kivalvu kidogo cha katikati kikikwama au mpira wake ukikauka, au ule mrija mwembamba wa kutoka shingoni kwenda rizeva ukiwa umepasuka, gari inatapika bila kurudisha. Mfuniko ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo huu na ndo ya mwisho watu kuishuku. Ila ukienda Gerezani au Kariakoo kuununua beba ule wa zamani, juu yake pameandikwa namba, 0.9 au 1.1 kwenye Toyota nyingi, nunua namba ile ile, usikubali "huu unaingia bosi". Kuingia unaingia, lakini ile namba ni ya presha.

Na hiyo presha ndo sababu mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Huku pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100 lakini chini ya mfuniko mzima wa 0.9 au 1.1 yanaweza kufika nyuzi 118 au 120 bila kuchemka. We ukifungua ile presha inatoka mara moja, maji yanachemka kwa nguvu papo hapo, mvuke na maji ya moto vinakurukia usoni. Tambara halisaidii kitu. Subiri hata dakika 40, bonyeza mpira wa juu wa rejeta, ukiwa mgumu kama tairi lenye upepo bado, ukiwa laini zungusha mfuniko taratibu mpaka hatua ya kwanza, sikiliza kama kuna pumzi inatoka, ndo umalizie.

Unaongeza nini

Kama uko barabarani na gari imekauka, weka maji yoyote safi ufike, sheria za usafi tutaongea nyumbani. Ila kwa matumizi ya kila siku maji matupu sio, na maji ya kisima ndo kabisa. Visima vingi vya huku karibu na bahari ni vya chumvi, hata chai haipikiki, sasa chumvi hiyo unaipeleka kwenye rejeta na silinda hedi za aluminiamu ili iweje? Inakula chuma taratibu, inaacha magamba meupe, na siku ukifungua wota pampu unakuta mapanga yameliwa. Wanaosema kulanti ni ya nchi za baridi, Dar haina kazi, wanajua nusu ya habari. Ni kweli kule inazuia maji yasigande, nusu kwa nusu na maji inafika karibu nyuzi 37 chini ya sifuri ndo inaganda. Lakini hiyo hiyo inapandisha kiwango cha kuchemka, inazuia kutu, na inalainisha sili ya wota pampu, na hivyo vyote Dar tunavihitaji.

Rangi isikutawale sana maana kila kampuni ina rangi zake. Kwa Toyota, nyekundu ni ile ya zamani ambayo kwa kawaida inabadilishwa kila kilomita 40,000 au miaka miwili, na pinki ni ya muda mrefu, inakuja imeshachanganywa tayari, usiongeze maji. Mara ya kwanza hiyo pinki inakaa mpaka kilomita 160,000, baada ya hapo kila 80,000. Ukichanganya aina mbili zisizoelewana, kwa mfano ile ya kijani ya zamani na pinki, zinaweza kufanya ute kama uji uliopoa na ule ute unaziba njia. Hujui iliyomo ni ipi, maana gari umeinunua kwa mtu au imetoka bandarini na hakuna historia? Mwaga yote, suuza, anza upya. Kwa IST au Vitz ni lita 5 hivi, sio mzigo wa kutisha.

Ukinunua ile nzito isiyochanganywa, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kabisa, yale ya kuongezea kwenye betri. Hapa angalia mdomo wako dukani, ukisema "nipe maji ya betri" tu unaweza ukapewa asidi, sema maji ya kuongezea, sio maji makali, na usome chupa. Usiiweke nzito peke yake ukidhani ndo itapooza zaidi, inabeba joto vibaya kuliko ikichanganywa.

Halafu kuna hii ya kulanti feki, maji yenye rangi. Kama unashuku ile uliyouziwa kwamba imeshachanganywa nusu kwa nusu, mimina vijiko viwili kwenye kikombe cha plastiki weka friza usiku mmoja. Friza ya nyumbani ikifanya kazi vizuri ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri, kulanti ya kweli ya nusu kwa nusu haiwezi kugeuka jiwe humo. Asubuhi ukikuta barafu ngumu ya kijani, pole, umenunua rangi. Kikombe hicho kitupe na kikae mbali na barafu za watoto, maana kulanti ni sumu na ina utamu, watoto wanailamba, mbwa na paka wanainywa. Kwa sababu hiyo hiyo usiihifadhi kwenye chupa ya soda.

Inachemsha kwenye foleni, ukipata upepo inapoa

Hii ndo ya Dar kuliko zote. Unatoka Posta vizuri, unafika Buguruni foleni imesimama, mshale wa joto unapanda, magari yakitembea unashuka wenyewe. Ukiona hivyo sahau kwanza gasketi ya silinda hedi, kile kizibo kati ya hedi na injini, angalia feni. Gari ikitembea upepo wa mbele unapooza rejeta, ikisimama kazi yote ni ya feni. Kuna vile vyombo vya kutembelea juu ya theluji huko Kanada na wapi, aina nyingi rejeta yake iko chini kwenye mkanda na inapozwa na theluji inayorushwa na mkanda wenyewe, dereva akipita kwenye barafu ngumu isiyoruka basi inachemsha baridi yote ile. Ndo sisi na foleni, kipoozeo kipo ila kinachokipooza hakipo.

Washa injini, washa AC, nenda mbele usikilize. Gari ndogo nyingi za Toyota feni inatakiwa izunguke AC ikiwaka. Haizunguki? Anza na fyuzi, halafu rilei, ile swichi ndogo ya umeme, mara nyingi kuna rilei nyingine inayofanana kwenye boksi lile lile, ya honi kwa mfano, badilishana nayo uone, linganisha namba kwanza. Kama umeme unafika kwenye plagi ya feni na feni imelala basi mota imekufa, kaboni zimeisha. Feni inazunguka na AC lakini haiwaki yenyewe injini ikipata moto? Sensa ya joto au waya wake.

Fundi atakwambia tuunganishe dairekti, ukiwasha gari feni inawaka muda wote. Kukutoa barabarani sawa, lakini usiishi nayo, tatizo liko pale pale na mota inachakaa haraka. Na mwambie ahakikishe hajageuza waya! Nimekutana na hii kwa Passo ya shemeji, feni inazunguka kwa nguvu kabisa, gari inachemsha, mafundi wawili wameshabadilisha themostati (mlango wa kulanti, tutaufikia) na mfuniko. Waya zimegeuzwa, feni inasukuma hewa mbele badala ya kuvuta. Weka karatasi mbele ya grili, inatakiwa ivutwe ing'ang'anie. Ya shemeji ilikuwa inapeperushwa.

Hiace, Prado na nyingi za injini ya kulala kwa urefu zina feni inayozungushwa na mkanda kupitia kapulingi yenye mafuta mazito ndani. Zima injini ikiwa ya moto, izungushe feni kwa mkono, ikizunguka bure mizunguko kadhaa kama feni ya dukani basi kapulingi imekufa. Na lile kava la plastiki linalozunguka feni, ambalo mafundi wengi wakishalitoa hawalirudishi "linatusumbua tu", kazi yake ni kuhakikisha hewa inavutwa kupitia rejeta yote. Lidai.

Halafu uchafu. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, katikati ya hizo mbili panajaa vumbi, majani, wadudu, nywele za mbwa sijui zinatoka wapi. Kwa nje utaona pasafi kumbe katikati kuna blanketi. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Zile mashine za presha za kuoshea magari ukizisogeza karibu zinalaza mapezi yote, vile vibati vyembamba vya rejeta, na hapo umejiongezea tatizo.

Foleni haina shida, inachemsha ukikimbia au ukipanda mlima

Kinyume chake. Mjini shwari, ukishika barabara ya Morogoro ukipita Mlandizi unakimbia, au unapandisha Kitonga na mizigo, mshale huo. Hapa upepo upo wa kutosha, kinachokosekana ni mzunguko wa kulanti. Mara nyingi ni rejeta imeziba kwa ndani, kutu na magamba ya yale maji ya kisima. Injini ikiwa imepata moto izime, toa funguo kabisa maana feni nyingine zinajiwasha hata gari ikiwa imezimwa, pitisha kiganja juu ya rejeta kwa tahadhari. Inatakiwa iwe ya moto inayopungua taratibu kutoka upande kulanti inapoingilia kwenda inapotokea. Ukikuta sehemu baridi katikati, hapo njia zimeziba. Mafundi rejeta wanaweza kuifungua na kuichokonoa zile za shaba, hizi za aluminiamu zenye plastiki juu na chini mi naona bora ununue nyingine.

Mpira wa chini nao uangalie. Ukiwa mzee na umelainika unanywea injini ikizungushwa kwa kasi, wota pampu inavuta maji mpira unajibana kama mrija wa juisi. Mtu akanyage mafuta we uangalie.

Na themostati. Hii ina hadithi. Ukifika gereji gari inachemsha, kitu cha kwanza fundi anakwambia:

"Bosi hii tunaitoa, Dar joto, haina kazi."

"Kwa nini waliiweka sasa?"

"Ya Japani hiyo, kule kuna baridi."

Hapana fundi wangu. Themostati ni mlango, umefungwa mpaka kulanti ifike nyuzi 82 hivi ndo unaanza kufunguka, ili injini ifike joto lake la kazi haraka. Ukiitoa, injini inakaa baridi, kompyuta inadhani gari ndo imewashwa sasa hivi inaendelea kumimina petroli nyingi, unaanza kulalamika gari inakunywa mafuta. Na kuna injini ambazo themostati ikifunguka inaziba na njia ya mkato, ukiitoa kulanti inapita njia ya mkato haipiti rejeta, inachemsha zaidi kuliko mwanzo. Kama unaishuku ipime, ni rahisi: itoe, itundike kwa uzi ndani ya kopo lenye maji jikoni, sio sufuria ya wali, pasha. Kabla maji hayajachemka kabisa inatakiwa iwe imefunguka wazi. Haijafunguka, badilisha. Dalili yake ikiwa kwenye gari ni mpira wa juu wa moto unaunguza, wa chini baridi kabisa, na mshale uko juu.

Ikiwa imekwama wazi ni kinyume, gari haipati moto. Kwenye Passo na Vitz ambazo nyingi hazina mshale bali taa mbili tu, bluu ya baridi na nyekundu ya moto, ile ya bluu inachelewa sana kuzima au inarudi ukiwa unashuka mteremko. Ukiona bluu inawaka saa sita mchana Januari hapa Dar, kuna fundi alipita.

Nataka niseme kitu kuhusu hizo taa. Gari yenye taa tu haikuambii "napanda", inakuambia "nimeshafika". Nyekundu ikiwaka sio onyo la kufikiria, ni la kusimama.

Mshale unapanda unashuka bila mpangilio

Hewa. Kuna hewa imebaki ndani, au kulanti ni pungufu na sensa inaguswa na maji mara na mvuke mara. Mara nyingi inatokea siku chache baada ya mtu kufungua mfumo bila kutoa hewa. Kuna hatari moja hapa, kulanti ikiisha kabisa sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka ukaonyesha baridi wakati injini inaungua. Mshale ukianguka ghafla baada ya kupanda usishangilie.

Inapungua lakini chini pakavu

Tandika boksi la karatasi chini ya injini usiku, asubuhi lisome. Maji meupe yasiyo na harufu upande wa abiria ni ya AC, hayana neno. Tone la pinki, nyekundu au kijani, linaloteleza kwenye vidole, hilo ndo letu, na mahali lilipoangukia panakuonyesha pa kuanzia. Pakavu? Basi inavuja ikiwa na presha na moto tu, inakauka kabla haijafika chini. Tafuta alama, kulanti ikikauka inaacha unga unga mweupe au wa pinki. Sehemu zake ni pale plastiki ya juu ya rejeta inapokutana na aluminiamu, kwenye klipu za mipira, na kwenye wota pampu chini ya puli ambapo kuna kitobo kidogo kilichowekwa makusudi, sili ikichoka kulanti inatokea hapo. Kitobo kile kikiwa na michirizi ya pinki, usikizibe kwa gundi kama nilivyoshauriwa mimi. Badilisha pampu.

Pia kuna hita, kile kirejeta kidogo ndani ya dashibodi ambacho hapa Dar hakuna anayekikumbuka. Kikivuja kapeti la mbele linalowana, kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta mafuta na gari inanukia utamu utamu. Watu wanadhani mtoto kamwaga juisi.

Gereji nzuri ina pampu ya mkono ya kupima presha, inafungwa pale pa mfuniko, inajazwa presha injini ikiwa baridi, wanaangalia kama inashuka na wapi panatoa. Dakika kumi na tano tu. Fundi asiye nayo atabahatisha kwa hela yako.

Nje hakuna kabisa? Sasa ndo tuongee gasketi ya silinda hedi. Dalili zake: asubuhi unawasha gari, dakika mbili tu mpira wa juu umeshakuwa mgumu wakati kulanti bado baridi. Au mfuniko ukiwa wazi na injini inaunguruma mapovu yanatoka mfululizo hayakomi. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu kwenye ekzosi hata gari ikishapata moto, asubuhi kidogo ni kawaida. Au stiki ya oili inatoka na rangi ya chai ya maziwa, hapo usiwashe tena hata kidogo, oili yenye maji inaua maberingi. Sio lazima zote zionekane, wengi wanaona moja tu. Kuna kipimo cha dawa ya bluu ndani ya kichupa kinachokaa kwenye shingo ya rejeta, dawa ikipata gesi ya injini inageuka njano, dai kipimo hicho kabla hujakubali kufungua hedi. Na ikifunguliwa, ipelekwe ikapimwe kwa rula kama haijapinda, ikipinda iskimiwe, yaani isawazishwe kwa mashine. Anayekubadilishia gasketi bila kupima hedi mtaonana tena mwezi ujao.

Utasikia watu wa bizari, wengine ute wa yai, humo humo ndani ya rejeta, ili kuzuia kuvuja. Inaziba kweli. Haichagui cha kuziba tu.

Imechemsha barabarani, sasa hivi

Zima AC. Kama huwezi kusimama hapo hapo, uko katikati ya daraja la Tazara na daladala zinakupigia honi, fungua vioo vyote washa hita mpaka mwisho wa moto na feni ya ndani kwa nguvu zote. Utaloa jasho kama uko kwenye tanuri ila hita inachukua joto kutoka kwenye injini, inakupa dakika za kusogea pembeni. Taa nyekundu ikiwa imeshawaka hizo dakika huna, washa hazadi, sogea, zima.

Usimwage maji baridi juu ya injini, na ukifungua mfuniko baada ya kupoa usimimine maji baridi lita tatu kwa mkupuo, chuma cha moto kikipata baridi ghafla kinaweza kupasuka. Kidogo kidogo. Atakuja kijana na kopo anataka kukusaidia kufungua mfuniko haraka haraka, mshukuru, mkatalie.

Kuongeza na kutoa hewa

Umeshapata tatizo, umerekebisha, sasa jaza. Gari ielekee juu kidogo kama una mteremko, ili shingo ya rejeta iwe sehemu ya juu kabisa. Hita weka moto mwisho. Mimina taratibu mpaka shingoni, minya minya mpira wa juu na wa chini uone mapovu yakitoka, kiwango kikishuka ongeza. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, iache, na usiiname usoni pake. Ikianza kupata moto themostati itafunguka, kiwango kitashuka ghafla, hapo ongeza tena. Kanyaga mafuta injini ifike mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, shikilia hapo dakika moja, achia, rudia, mpaka mapovu yaishe, hita ipulize moto kweli kweli na feni iwake izime angalau mara mbili. Funga mfuniko, jaza rizeva katikati ya mistari.

Zungusha gari mtaani, iache ilale. Asubuhi fungua tena ikiwa baridi, karibu kila mara itakuwa imeshuka kidogo, hiyo ni hewa iliyokuwa imejificha, ongeza. Halafu chukua kalamu ya maka upige mstari kwenye rizeva pale ilipofikia, uandike na tarehe. Baada ya wiki angalia mstari wako. Ikiwa chini yake, rudi kwenye boksi la karatasi chini ya injini.